Mgongo ukiuma, usijifungie kitandani
"Mama, wewe lala tu, usiguse kitu." Ushauri huu hutolewa kwa upendo, lakini kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, kulala siku nzima huchelewesha nafuu: misuli hulegea, viungo hukakamaa, kazi za nyumbani hurundikana, na mawazo nayo huzidisha maumivu. Tembea kidogo kidogo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Igawe kwenye ndoo mbili ndogo, moja kila mkono. Beseni la kufulia liweke juu ya stuli. Na baba, watoto, shikeni ufagio, hiyo nayo ni tiba. Ila ganzi ikiingia sehemu za siri, mkojo ukigoma au kujitokea wenyewe, au miguu ikikosa nguvu, nendeni hospitali siku hiyohiyo.