Je, wajua? Mchoraji ndiye huamua kama daktari wa hadithi ni mama au baba

Soma sentensi hii: "Daktari alimtazama mtoto, akamwambia atoe ulimi." Daktari ni mwanamke au mwanamume? Na mtoto je? Hujui, na hata mwandishi hakulazimika kujua. Kiswahili kinatosheka na a- na m-, hadithi ikafika mwisho bila jinsia ya mtu kutajwa. Mchoraji hana ujanja huo. Akishika penseli tu, daktari anataka nywele, sura na mavazi.

Ndiyo maana nasema mchoraji wa kitabu cha watoto cha Kiswahili ametunga nusu ya hadithi. Mara nyingi hata hajaonana na mwandishi. Muswada humfikia kupitia kwa mchapishaji, naye huanza kujiuliza yale ambayo maneno yameyanyamazia. Zahanati iko wapi? Kama ni Mbagala, mama kamleta mtoto kwa daladala au kwa bajaji? Kavaa dera au kajifunga kanga? Akichagua kanga, ana kazi nyingine: kuna pindo la kuzunguka, kuna mji, yaani sehemu ya katikati, na kuna jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Kanga isiyo na jina mtoto wa Dar es Salaam ataishangaa, maana ya bibi yake ina maneno.

Kwa wanyama ni hivyohivyo. "Fisi alichoka" haituambii kama ni fisi dume au jike. Mchoraji John Kilaka, aliyezaliwa Sumbawanga mwaka 1966 na kufanyia kazi zake Dar es Salaam, huwasimamisha wanyama kwa miguu miwili na kuwavika nguo za maua na mistari, kwa rangi kali za mtindo ulioanzishwa jijini humu na Edward Saidi Tingatinga. Vitabu vyake vya kwanza vilichapishwa Uswisi. Ukimwona mnyama wake kwa nguo alizovaa, unajua ni nani kabla hujasoma neno.

Na wasomaji wenyewe hawasamehi. Mpwa wangu, wa miaka minne, alinisimamisha katikati ya hadithi kwa sababu kandambili za mtoto zilikuwa na mikanda ya kijani, tulipofunua zikawa za bluu. "Kanunua nyingine?" Mimi sikuwa nimeona kitu. Mtoto asiyejua herufi anasoma picha, na anaisoma yote. Kwa hiyo mchoraji makini, kabla ya kugusa ukurasa wa kwanza, humchora mhusika mara nyingi pembeni: mbele, ubavu, mgongo, akilia, akikimbia, pamoja na kandambili zake. Baadaye hurudi kwenye karatasi hiyo kila anapotaka kutia rangi.

Malipo yake hutegemea mkataba. Wapo wanaolipwa mara moja na kumaliza, wapo wanaopata mrabaha kila kitabu kinapouzwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitambua picha kuwa kazi ya sanaa kama inavyoyatambua maandishi, hivyo mchoraji anayesaini bila kusoma anaweza kuachia mali yake mwenyewe. Na jina lake, kwa maoni yangu, mahali pake ni kwenye jalada, sambamba na la mwandishi.

Jambo la mwisho ni hesabu ya kiwandani. Karatasi kubwa hupigwa chapa pande zote mbili, kisha hukunjwa mara tatu, zikapatikana kurasa 16. Mbili za namna hiyo ni kurasa 32, na ndiyo sababu vitabu vingi vya picha duniani vina idadi hiyo. Mchoraji huanza kwa kuchora vijisanduku 32 kwenye karatasi moja na kugawa hadithi humo. Huepuka kuweka uso wa mtu katikati pale kurasa zinapokutana, maana mshono utaumeza. Huacha pia milimita tatu za ziada pembeni kwa ajili ya kisu cha kukatia.

Kisha hupanga siri zake kwenye kurasa za kulia, kwa sababu mtoto hawezi kuona nyuma yake mpaka afunue. Ukurasa wa 13 unaonyesha mlango ulio wazi nusu, mtoto kafumba mdomo, na mkono tu wa daktari. Vidole vidogo vinashika ncha ya karatasi. Ukurasa wa 14, daktari ni bibi mwenye miwani, naye katoa ulimi kwanza.