Njegere za Brno na Chimbuko la Elimu ya Jenetiki

Gregor Mendel hakuwa mtu wa kwanza kuchavusha aina moja ya njegere kwa nyingine. Mwaka 1799 Thomas Andrew Knight wa Uingereza alikwisha kuchapisha majaribio ya namna hiyo, na katika miaka ya 1820 mwenzake John Goss aliona rangi ya mbegu iliyotoweka katika kizazi kimoja ikirejea katika kizazi kilichofuata. Lakini hawakuhesabu mbegu za kila aina.

Mendel, mtawa wa Kiagustino mjini Brno, ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki, alitumia kwanza miaka miwili kukagua aina 34 za njegere, ili ahakikishe kwamba kila aina aliyoichagua huzaa mfano wake. Alianza uchavushaji mwaka 1856. Kwa kuwa ua la njegere hujichavusha lenyewe, ilimbidi alifungue likiwa bado changa, aondoe stameni, yaani sehemu za kiume za ua zinazotoa chavua, kabla chavua haijakomaa, kisha alipake chavua ya mmea mwingine. Kazi ya subira kubwa, ambayo mzalishaji wa mbegu anaitambua hata leo.

Alipochanganya njegere za mbegu mviringo na za mbegu zenye makunyanzi, mbegu zote za chotara zilikuwa mviringo. Alizipanda, akaiacha mimea ijichavushe, akavuna mbegu 7,324, ambazo 5,474 zilikuwa mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, yaani karibu tatu kwa moja.

Maelezo mengi huishia hapo, ilhali kwa maoni yangu hatua iliyofuata ndiyo yenye uzito zaidi. Kutokana na mbegu zile mviringo aliotesha mimea 565. Kati ya hiyo, 193 ilizaa mbegu mviringo tu, na 372 ikazaa za aina zote mbili. Mbegu zisizotofautiana kwa macho zilikuwa zimebeba urithi tofauti, na theluthi mbili yake zilificha makunyanzi ndani yake. Mendel alieleza kwamba kila sifa hutokana na vitu viwili, kimoja kutoka kwa kila mzazi, ambavyo hutengana wakati wa kuunda chavua na viiniyai, yaani seli za kike za mmea.

Alisoma matokeo hayo mbele ya wanasayansi wa Brno mwaka 1865, yakachapishwa mwaka 1866, na wachache mno wakayajali. Alifariki mwaka 1884. Ni mwaka 1900 ndipo wataalamu wa mimea Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak walipoyafufua, na mwaka 1905 mwanabiolojia William Bateson akaipa elimu hiyo ya urithi wa sifa jina la jenetiki.