Yanayosemwa Malindi kuhusu pinde za kale, na ukweli wake

Kijana mmoja alishuka kwenye matatu ya Chakama akiwa na upinde wa babu yake, ameuzungushia gunia. Alipoufikisha karakanani kwangu alisema, "Shikamoo mzee. Nataka huu upige tena." Tayari alikuwa ameufunga mshipi wa kuvulia badala ya upote, yaani uzi wa upinde, wa kano uliooza, na ameukaza mpaka unalia ukiguswa. Kwenye mgongo wa nusu ya chini palikuwa na kibanzi kilichoinuka, urefu wa kidole kimoja. Nilimwuliza kama kilikuwepo alipoutoa darini. Hakikuwepo. Kilitokea asubuhi ile ile, kwa sababu ya mambo aliyoambiwa njiani na watu waliomtakia mema.

Mimi ni seremala. Pinde nimezipenda tangu utotoni, na kila mwaka naletewa tatu nne kutoka bara ya Malindi: Langobaya, Marafa, kingo za Sabaki. Zaidi ya nusu huwa zimeharibiwa siku ya kutolewa darini, si miaka yote zilizokaa humo. Inaniuma kweli, kwa kuwa waliozichonga wengi wametangulia, na maneno yanayoziharibu ni yale yale. Nitayachukua moja baada ya jingine.

"Pinde ndefu ni za Wazungu, zetu zilikuwa za kupigia ndege"

Hili nimelisikia hata kwa walimu. Wanaolisema wamesoma juu ya vita vya Crécy mwaka 1346 na Agincourt mwaka 1415, ambako wapiga mishale wa Uingereza walivunja majeshi ya Ufaransa. Hiyo ni kweli. Pinde zao tunazijua vizuri kwa sababu meli ya kivita Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikatolewa baharini mwaka 1982, na ndani yake mkapatikana pinde nzima zaidi ya 130. Waliozipima wanakadiria kuvuta kwake kulihitaji nguvu ya pauni 100 na zaidi, nyingine zikipita 150.

Sasa tugeukie huku kwetu. Waata, ambao wengine huwaita Wasanye, waliwinda ndovu kwa upinde wa mti mmoja katika nyika inayoanzia nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke hadi Tsavo. Pinde zao zilizopimwa zilipita pauni 100, yaani kilo 45 na ushei. Si upinde wa kupigia ndege huo. Mwindaji alimkaribia ndovu mno, akalenga nyuma ya mbavu au tumboni ambako mshale ungezama, halafu sumu ikamaliza kazi. Mtu asiyezoea kuvuta upinde wa namna hiyo hatausogeza hata nusu, awe na misuli ya kubeba magunia. Mvuto wake unajengwa mgongoni kwa miaka.

"Upinde wowote mkuukuu kutoka bara ni wa Waata"

Hapana, na hapa ndipo nataka msomaji atulie nami, maana kuutambua upinde ndiyo nusu ya kazi.

Anza na pande mbili. Upande unaoelekea shabaha ni mgongo, unaomwelekea mpigaji ni tumbo. Ukivutwa, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Kwenye mti uliochongwa na mtu anayejua, nyuzi za mgongo hukimbia bila kukatwa kutoka ncha hadi ncha, na mara nyingi mchongaji ameuacha uso wa mti ulivyokuwa chini ya gome. Ukiona nyuzi zimekatwa ovyo mgongoni, aliyeuchonga hakukusudia upigwe.

Pinde za kuuzia watalii ufukweni ndivyo zilivyo. Ni nyepesi mkononi, zina michoro ya kuchomwa kwa chuma cha moto, zimepakwa rangi ya viatu, na ukikagua mahali upote unapokaa hukuti msuguano wowote. Upinde uliofanya kazi una kijia kilichong'arishwa na upote kwenye ncha zote mbili. Pale panaposhikwa pana weusi wa jasho, na weusi huo hauko sawa pande zote: sehemu ya kiganja na sehemu ya vidole hutofautiana. Kwa alama hiyo mara nyingi naweza kusema juu ni wapi na chini ni wapi, hata kama hakuna alama nyingine.

Kisha kuna zile zinazotoka kwenye nyumba za zamani za wageni. Ukikata kwa jicho la fikra upinde wa Kiingereza, umbo lake ni la nusu duara: tumbo la mviringo, mgongo uliosawazika. Ule uliochongwa kwa mti wa yew una rangi mbili, nyeupe mgongoni na nyekundu ya kahawia tumboni, na ncha zake huvikwa pembe ya mnyama. Za karne ya 20 mara nyingi ni mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja na faiba, ile ile ya boti, na zimeandikwa tarakimu mbili kama 45 na 28. Maana yake ni pauni 45 mshale ukivutwa inchi 28. Wa kwetu ni mti mmoja, wa mviringo au kukaribia mviringo, na nyingi nilizozishika ni za mkone, mti ule ule wa bakora nzuri.

Tofauti kati ya upinde wa Mgiriama na wa Mwaata siitamki kwa kuangalia mti peke yake. Watu hawa wamekaa jirani muda mrefu, wamenunuliana na kufundishana. Namwuliza aliyeuleta: ulikuwa wa nani, alikaa wapi, aliwinda nini? Majibu hayo nayaandika kwenye karatasi na kuifunga kwenye upinde.

"Sumu ya mishale imeshakufa, ni ya miaka mingi"

Usiamini. Upinde wa zamani ukija na podo, yaani mkoba wa mishale, kabla hujagusa kitu kingine, weka podo mbali na watoto.

Sumu yetu ya mishale hutokana na mti uitwao msunguti. Vijiti na magome huchemshwa mpaka ipatikane lami nyeusi. Kemikali yake kuu, ouabaini, huingia kwenye damu kupitia jeraha na kuuvuruga mpigo wa moyo hadi usimame. Jina lenyewe la kemikali hiyo limetokana na neno la Kisomali, waabaayo. Ikikaa pakavu haiozi kama chakula. Mishale iliyotunzwa makumbusho kwa makumi ya miaka imepimwa na kukutwa bado ina nguvu. Waata waliizungushia ngozi nyembamba ili isikauke na kubanduka, na ngozi hiyo ndiyo inayowaponza watu leo, maana wanaiona wanadhani ni pambo, wanaifungua kwa kucha.

Shika mshale kwenye wano, ule mti wake, kamwe si kwenye chembe, ile ncha yake kali. Vaa glavu nene. Usikwangue ile lami. Ikitokea mshale umekukwaruza, ni hospitali saa hiyo hiyo, na umweleze daktari ni mshale wa sumu.

"Umepinda, unyooshe kwanza. Upake mafuta, uuanike"

Upinde uliotumika hubaki na kijipindo hata ukifunguliwa. Nyuzi za tumbo zimebanwa maelfu ya mara, zimechoka kidogo. Ni kawaida, na upinde wenye kijipindo cha vidole vitatu vinne bado unaweza kupiga vizuri. Anayeupindua na kuufunga kinyume ili "urudi" anaunyoosha upande uliozoea kubanwa na kuubana uliozoea kunyooshwa. Utavunjika.

Mafuta ya nazi hung'arisha tu. Hayarudishi uhai wa mti. Jua la juu ya mabati ni baya zaidi, kwa kuwa linaukausha mti upesi kupita kiasi, nao mti mkavu hukatika ghafla bila onyo. Kwa upande mwingine, hewa yetu ya pwani wakati wa masika huufanya mti uwe mlegevu, ukivutwa unabaki umepinda. Wazee waliuweka darini juu ya jiko, moshi ukiufukuza fukusi na joto dogo likiukausha polepole. Mimi huuacha kivulini ndani ya karakana wiki mbili tatu, umelala juu ya misumari miwili, haujafungwa.

Wakati huo naukagua. Pamba ya dukani ni chombo bora kuliko miwani yangu: ipitishe taratibu mgongo mzima, na penye kibanzi itanasa. Ufa unaofuata nyuzi za mti kwa urefu mara nyingi ni wa ukavu tu na hauna neno. Ufa unaokata nyuzi mgongoni, au vijistari vya kukunjamana vinavyokatiza tumboni, au vitundu vya fukusi vyenye unga mbichi, huo upinde hautavutwa tena.

"Mshipi ni imara, haukatiki"

Kweli haukatiki. Tatizo si kukatika. Mshipi wa nailoni wa uzi mmoja unanyumbuka kama mpira. Nguvu ya upinde inaishia ndani yake na mshale unatoka kivivu. Ile ya kusuka ya kisasa isiyonyumbuka kabisa ina kosa la kinyume: mshituko wote unarudi kwenye ncha za mti mkongwe na kuzipasua. Kijana wa Chakama alitumia wa kwanza, ukalegea, akakaza, ukalegea, akakaza tena.

Tumia uzi wa kitani au wa poliesta uliosokotwa nyuzi nyingi. Ukiufunga, pima nafasi kati ya kishikio na upote: ngumi moja na kidole gumba kilichosimama, sentimita 15 hadi 18, ndicho kipimo cha upinde wa Kiingereza. Za kwetu nyingi hukaa chini ya hapo, kwa hiyo nafuata kijia cha zamani kwenye ncha na urefu wa upote wa awali kama kipande chake kimesalia. Kuongeza nafasi, ufungue usokote upote mizunguko michache, kupunguza, usokotoe. Mzunguko mmoja mmoja, huku ukisikiliza. Ukipata mahali pake upinde unatulia mkononi na kelele inapungua.

"Vuta mpaka mwisho, uone kama unafaa"

Vuta kidogo. Naning'iniza mizani ya samaki kwenye boriti, nanasa upote kwenye ndoana, nauvuta upinde chini inchi mbili, naurudisha. Mara ishirini hivi. Kisha inchi nne. Kati ya hatua na hatua nautazama dhidi ya mwanga wa dirisha: nusu zote mbili zipinde kwa mkunjo mmoja laini. Palipopinda kama goti ndipo patakapovunjika. Na usiuachie upote bila mshale, hata kwa mzaha. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inabaki kwenye mti.

Mshale nao si wowote. Ukiachiwa, wano hujipinda na kulizunguka umbo la upinde kabla ya kunyooka. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, wano gumu mno huenda kushoto, laini mno huenda kulia. Mkia wake ukae kwenye upote nusu sentimita hadi sentimita moja juu ya pale ambapo mshale ungefanya pembe mraba na upote. Shabaha iwe gunia lililojazwa nyasi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, na upinde wa babu hauhitaji kesi.

Ule wa Chakama nilipitisha pamba, ikanasa. Nilimwonyesha. Alikaa kimya, akaushika pale kwenye weusi wa jasho, kiganja chake kikaingia sawasawa pale pa babu yake. Nilikigandisha kibanzi kwa gundi na kukifunga uzi, upinde ukarudi nyumbani kuning'inizwa ukutani bila upote. Tulipima unene wake kila baada ya shibiri tukaandika, kisha akaenda akaleta mti wa mkone ulionyooka. Sasa umelala kwenye misumari yangu miwili, ncha zimepakwa rangi zisipasuke. Kila Ijumaa baada ya sala anapita kuuangalia, na bado nimemkataza kuugusa kwa panga.