Je, wajua kebo ya redio isiyo na antena yoyote inaweza kuonekana nzima kwenye mita?

Niliamini kwa miaka kwamba mita ya SWR, ile inayolinganisha nguvu inayokwenda kwenye antena na inayorudi, ikisoma karibu na 1:1, yaani karibu hakuna nguvu inayorudi, antena ni nzuri. Masika moja namba yangu ilishuka kutoka 1.8 hadi 1.3 bila mimi kugusa kitu. Nikafurahi. Kumbe maji yalikuwa yameingia kwenye kebo kule juu ya paa, na wenzangu hewani walikuwa wananisikia kwa shida. (Si lazima iwe hivyo kila mara, maji huweza pia kuipandisha namba.)

Redio nyingi za ridhaa, zile za watu wanaowasiliana hewani kwa kujifurahisha, hutarajia kukuta impedansi (ukinzani dhidi ya mkondo unaobadilika mwelekeo) ya omu 50, na kebo zake kwa kawaida ni za omu 50. Chukua kamba nyepesi, iunge na kamba nene ya nanga, kisha uitikise. Wimbi likifika kwenye fundo, sehemu yake inapita na sehemu inarudi mkononi mwako. Kamba zikiwa na uzito mmoja, wimbi linapita kana kwamba hapana fundo. Huko ndiko kulinganisha impedansi. SWR ya 2:1 maana yake asilimia 11 ya nguvu inarudi. 3:1 ni asilimia 25.

Hiyo inayorudi nayo niliihesabu kuwa imepotea. Sivyo. Tyuna, kifaa cha kulinganisha kinachokaa kati ya redio na kebo, ikirekebishwa vizuri huigeuza ielekee tena kwenye antena, na hasara ni hasa ile inayogeuka joto ndani ya kebo kila inapopita. Kwenye MHz 7, kwa kebo nene na fupi, hasara hiyo ni ndogo mno. Kwenye MHz 144, kwa kebo nyembamba na ndefu, inauma. Pasipo tyuna, redio nyingi za transista hujipunguzia nguvu zenyewe zisiungue.

Sasa chukua kebo mbovu inayopitisha robo tu ya nguvu, na uing'oe antena kabisa. Wati 100 zinaondoka, 25 zinafika mwisho, hazina pa kwenda, zinageuka zote. Redioni zinarudi 6 na ushei. Mita inasoma takriban 1.7:1, namba ambayo mimi ningeipigia makofi.

Siku hizi napanda paani na kupima penye antena yenyewe, kisha napima chini. Namba ya chini ikiwa nzuri mno kuliko ya juu, naifungua kebo.