Simu yenye programu ya chesi si kifaa cha kurekodia mashindano

Wengi waliojifunzia chesi mtandaoni hudhani kwamba ukitaka kurekodi mchezo wa mashindano, simu yoyote yenye programu ya kuandikia hatua inatosha. Haitoshi, na yaweza kukugharimu mchezo mzima. Kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la kimataifa, kifungu cha 11.3, zinamkataza mchezaji kuwa na kifaa cha kielektroniki ambacho mwamuzi hajakiidhinisha. Usijitetee kwamba umezima intaneti: Stockfish, programu inayocheza chesi, hukokotoa bila mtandao, na kwenye simu ya kawaida tu humshinda bingwa wa dunia.

Vifaa vinavyoruhusiwa ni vile vilivyofungwa visifanye kazi nyingine. MonRoi ya Kanada ni mfano: unamsogeza farasi kwenye kioo kidogo kutoka mraba wa g1 hadi f3, nacho kinaandika Nf3 (N ni farasi), basi. Hata hivyo, kibali cha shirikisho moja hakimbani mwamuzi wa kwingine. Muulize kabla hujatoa pesa.

Kuna pia ubao wa DGT wa Uholanzi, unaotambua kete wenyewe. Huo ni wa waandaaji zaidi, maana ni ghali na si wa kubeba kwenye begi kila Jumamosi. Tena hauchagui: mkimaliza mkaanza kusukumasukuma kete mkibishana, nayo inaingia kwenye rekodi.

Mimi bado natumia kalamu na karatasi, kisha nyumbani naingiza hatua kwenye kompyuta. Dakika kumi hivi, na kosa langu naliona hapohapo ninapoliandika mara ya pili.