Methali Haitaji Mtu

Mwanafunzi akinijia na methali akitaka maana yake, swali langu la kwanza huwa: nani kamwambia nani? "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" ikitamkwa na mwenyeji mbele ya mgeni aliyejilaza barazani hadi adhuhuri, ni amri iliyovikwa adabu. Akiisema mgeni mwenyewe huku analifuata jembe, ni utani mtamu. Hata Tanga yetu, "waja leo waondoka leo", ukiisoma kavu utadhani tunafukuza watu. Watanga wenyewe huisema wakicheka, maana aliyeahidi kuondoka leo bado yupo.

Kwa hiyo hainisumbui kwamba "Haraka haraka haina baraka" ina mwenzake "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Zingekuwa sheria, zingegongana. Methali huamua jambo lililopo mbele yako, basi.

Ila utamu wenyewe, kwangu mimi, uko kwenye sarufi. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nani huyo asiyesikia? Hatajwi. Hiyo hu- ya "huvunjika" haina nafsi wala haishiki siku: si wewe, si yule, si jana. (Na tafadhali msiisahihishe iwe "mguu". Methali yasema "guu".) Ukimuuliza msemaji, "Wanisema mimi?" atakujibu, "Mie nimetoa methali tu." Umeshajitaja mwenyewe.

Ufundi huohuo ndio wa kanga. Simama kwenye duka lolote la kanga pale Ngamiani, Tanga: mama huipenda rangi, huupapasa mji (sehemu ya kati) na pindo, kisha husoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Likiwa baya, doti hurudi kwenye rafu. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" ukiivaa shughulini, wifi akapita, umekwisha kusema, na hakuna wa kukushitaki kwa nguo.

Kijana hana uhuru huo mbele ya wakubwa. Akimtupia mzee methali mbichi, ni ufidhuli; kwa hiyo hutanguliza, "Nyie wakubwa ndio mliotufunza kwamba..." Mzee yeye hata haimalizi. Kwenye usuluhishi wa ndoa atasema, "Vyombo vikikaa pamoja..." kisha atanyamaza, akisubiri. Mume akiitikia, "havina budi kugongana," amekwisha kukiri kuwa ugomvi upo, na sasa anaweza kuulizwa ulianzaje.