Mwili haujagoma jamani, kaulize chupa ya mafuta

Wiki hii peke yake nimeisikia mara nne, ya mwisho jana saa kumi na moja jioni nishafunga begi naondoka. Dada kakaa, kashusha pumzi, kasema, "Mi mwili wangu umegoma. Nilipungua kilo 8 vizuri tu kutoka 92, sasa huu mwezi wa pili mzani umeganda palepale 84, hata nisipokula haushuki, bora niache tu." Nafanya kazi ya lishe mwaka wa kumi na moja huu na hiyo sentensi nikiisikia najikuta nakunja uso kabla mtu hajaimaliza, mnisamehe, ila leo tuongee.

Mwili haugomi. Hakuna mwili unaokosa chakula halafu ukang'ang'ania kilo zake kwa ubishi. Mwaka 1944 hadi 1945 kule Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys alichukua wanaume 36 wenye afya waliojitolea, akawalisha karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita huku wanatembea kilometa kibao kila wiki. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Walinuna, walilamba sahani, walichoka hadi kupanda ngazi ikawa kazi, lakini hakuna aliyebaki na uzito aliokuja nao. Kwahiyo ukiniambia huli na hupungui mi najua kuna kitu hapo hakijahesabiwa, wala simaanishi wewe ni muongo.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mwili haugomi ila unabana matumizi. Ulivyokua na kilo 92 kila ngazi uliyopanda ulikua unabeba 92, sasa unabeba 84, lazima utumie kidogo. Kuna mahesabu ya mtafiti Kevin Hall na wenzake Marekani, yanaonyesha kila kilo 1 inayotoka matumizi yanashuka kama kalori 20 mpaka 30 kwa siku, na hamu ya kula inapanda kama kalori 100 kwa siku. Piga hesabu ya kilo 8: matumizi yameshuka kama 200 hivi, njaa imepanda kama 800! Ndo maana unajiona huna nidhamu siku hizi. Nidhamu yako ipo palepale, njaa ndo imepanda cheo. Na ile sahani iliyokupunguza ukiwa 92 sasa hivi ni sahani ya kukuweka 84, haina kosa lolote, kazi yake imebadilika tu.

Shida ni kwamba hata sahani yenyewe si ileile. Mwezi wa kwanza ulikua unapima ugali kwa ngumi, mwezi wa tano unapima kwa macho, na macho yana njaa. Unaonja mboga mara tatu jikoni, unamalizia makombo ya mtoto maana chakula hakitupwi, unatafuna karanga kwenye foleni, na daftarini vyote havipo. Mwaka 1992 huko New York watafiti walipima watu waliokua wanalalamika hivihivi, kwamba wanakula kidogo na hawapungui, wakakuta kwa wastani wanakula karibu mara mbili ya wanachoandika. Ndo binadamu tulivyo, mi mwenyewe nikijiandikia chakula changu naibia.

Yule dada wa jana daftari lake lilikua safi kabisa, kila mlo umeandikwa: ugali ngumi moja, mchicha, samaki, chai bila sukari. Nikamuuliza, mafuta? "Kidogo tu." Kidogo kiasi gani? Akanionyesha kwa mkono, yaani kama anamimina maji ya kunawa. Nikamuuliza lita moja inaisha siku ngapi, akasema tano, na nyumbani wako wanne. Haya, lita ya mafuta ina kalori zaidi ya 8,000, gawa kwa siku tano, gawa kwa watu wanne, ni kama 400 kwa kila kichwa kwa siku. Mia nne! Anajinyima ugali huku mchicha unaogelea. Akanyamaza kidogo, afu akacheka, afu akasema "na nilikua naongeza ili mboga ishibishe."

Ndo maana kila anayeingia ofisini kwangu namwambia kitu kimoja mpaka wenzangu wananitania: nunua makapeni, siku ukifungua chupa ya mafuta andika tarehe. Usihesabu kalori, huwezi, utachoka wiki mbili. Angalia tu chupa inachukua siku ngapi, na mwezi ujao ichukue siku zaidi.

Halafu kuna wanaokata tamaa kwa sababu ya zile kilo 3 za wiki ya kwanza, wanadhani ndo spidi ya kawaida. Zile nyingi ni maji. Wanga unaotunzwa kwenye ini na misuli kila gramu inakaa na maji kama gramu 3, ukibana chakula vinatoka pamoja. Maji hayohayo yanarudi ukila pilau ya harusini yenye chumvi, ukikaribia hedhi, ukifanya mazoezi mapya misuli ikavimba, na mzani unapanda kilo nzima bila mafuta kuongezeka hata kidogo. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu kila Jumamosi.

"Basi naongeza jimu mara mbili kwa siku." Wahadzabe wetu pale Ziwa Eyasi walipimwa na watafiti kina Herman Pontzer, majibu yakatoka 2012: pamoja na kutembea kote kule kuwinda na kuchimba mizizi, ukizingatia ukubwa wa miili yao, kalori wanazotumia kwa siku hazipishani na za Wamarekani na Wazungu wa Ulaya. Mazoezi fanya, yanalinda moyo na misuli, ila hayakufutii chapati tatu.

Kuvaa nailoni utoke jasho: maji. Chai za kupunguza tumbo: nyingi zina sanamaki, unaharisha, unalipia. Kula siku nzima Jumapili ili "kuushtua" mwili: haushtuki, unashiba. Ugonjwa wa tezi ya shingo upo kweli, na dawa kama prednisolone zinaongeza uzito kweli, pima mara moja ujue, usiisingizie miaka mitatu.

Na hili la "nimeishiwa motisha nasubiri irudi". Irudi kutoka wapi? Mwezi wa pili kila mtu alikua anakwambia umependeza, mwezi wa sita wameshakuzoea, hamna anayesema kitu. Motisha ilikua ni zile sifa, zimeisha. Mi huwa namwambia mtu akae na 84 yake mwezi mzima kwa makusudi, asipunguze wala asiongeze, maana kuzilinda kilo 8 zisirudi ni kazi kubwa kuliko kuzitoa, na wengi wanashangaa kwamba ndo hicho walichokua wanafanya muda wote wakilia.

Leo asubuhi yule dada katuma picha ya chupa mpya, tarehe imeandikwa kubwa kwa makapeni nyekundu. Chini kaniuliza, "na hii ya mume wangu ya kukaangia chipsi usiku je?"

Nayo dada angu, nayo.